Kuchelewa Ni Deni la Nani?

Kusini mwa Mlima Longonot, katika kituo cha umeme cha Suswa, ndipo inapoishia njia ya umeme itokayo Loiyangalani, Marsabit, mwendo wa zaidi ya kilomita 400. Mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana, yenye uwezo wa megawati 310, ilikuwa tayari mapema mwaka 2017, lakini njia hiyo haikukamilika hadi 2018. Fidia za ardhi zilikuwa zimesuasua, kisha mkandarasi, kampuni ya Isolux ya Uhispania, akafilisika. Kwa kuwa jukumu la kujenga njia lilikuwa la Serikali ya Kenya, mwenye mitambo alidai fidia ya kucheleweshwa, na sehemu ya gharama hiyo ikaingizwa katika bei ya umeme. Mkataba hutueleza nani atalipa. Nani anastahili kulipa ni swali la haki.

Jibu langu ni kwamba lawama ya kuchelewa imfuate aliyekuwa na uwezo wa kuzuia kuchelewa huko. Ezekieli sura ya 18 inakataa mtoto kubeba dhambi ya baba, na Kurani inakataa nafsi kubebeshwa mzigo wa nyingine. Anayenunua tokeni za umeme Naivasha hakumchagua mkandarasi wala hakuahidi tarehe. Wenye ardhi nao hawalaumiki kwa kudai chao: Ibara ya 40 ya Katiba ya 2010 inataka anayenyang'anywa mali yake alipwe fidia ya haki, kamili na ya haraka.

Wapo watakaosema kufilisika kwa mkandarasi ni ajali. Huenda, lakini kuahidi tarehe kabla ya kumalizana na wenye ardhi si ajali, ni uamuzi. Hoja nzito zaidi ni kwamba fedha za Serikali ni za wananchi, hivyo mlipaji ni yuleyule. Ni kweli mfuko ni mmoja, ila mlango si mmoja. Matumizi ya kodi hujadiliwa Bungeni na kukaguliwa na Mkaguzi Mkuu. Gharama iliyofichwa ndani ya bei ya umeme hulipwa kimya kimya, na aliyeamua haulizwi. Kwa hiyo Serikali isitie saini tarehe ya kukamilisha mradi kabla ya kulipa ardhi. Ikichelewa, fidia iandikwe waziwazi katika bajeti, na ofisi iliyotia saini iitwe Bungeni kujibu.