Mwalimu wa Mtafiti Kijana Anadaiwa Nini?



Wengi wetu tuna kaka au dada aliyemaliza chuo cha afya na sasa yuko kwenye utafiti. Anabeba sampuli za damu, anajaza fomu, anapita kijiji kwa kijiji. Najiuliza: anayemsimamia anadaiwa nini kwake? Posho tu?

Tuangalie chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Korogwe, hapa hapa mkoani Tanga, ilikuwa moja ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyoijaribu kwa watoto zaidi ya 15,000 kuanzia mwaka 2009. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa matumizi mapana Oktoba 2021. Miaka 12! Kazi kama hiyo haimalizwi na mtu mmoja. Anayeficha ujuzi wake anawanyima watoto ambao hata hajawaona.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alimfananisha mwalimu na daktari. Daktari anausaidia mwili upone kwa nguvu iliyomo ndani yake. Mwalimu naye hamimini elimu kichwani kama maji kwenye ndoo. Anaisaidia akili ya mwanafunzi ifikiri yenyewe. Basi anayemtuma kijana kuchukua vipimo miaka yote bila kumweleza sababu, wala kumuuliza "wewe unaonaje?", hajamfundisha. Amejipatia mikono tu. Na akiliondoa jina lake kwenye ripoti aliyoitolea jasho, hiyo ni dhuluma.

Mtu atasema: "Kijana akikosea, mtoto wa watu anaumia." Kweli kabisa. Mama aliyekubali mwanawe achomwe sindano hakumtoa awe wa kujifunzia. Ndiyo maana msimamizi anakaa karibu, anakagua, anasahihisha. Lakini kijana asiyezoeshwa kufikiri leo ndiye atakayekuwa hatari kesho, siku atakapobaki peke yake kazini.

Huku pwani kungwi humfunda mwari ili akasimamie nyumba yake, si ili abaki kwa kungwi. Na Bwana wetu hakuwaonea wivu wanafunzi wake. Aliwaahidi wamwaminio kwamba watafanya kazi kubwa kuliko zake (Yn 14:12).

Wiki hii, wewe unayejua kitu, mfundishe mwenzako mpaka akiweze bila wewe. Inauma kidogo kuona hakuhitaji tena, lakini huo ndio upendo.

Tuwaombee watafiti wetu, na wanaowalea.