Pasaka Bustanini



Mwinjili Yohane atuambia kwamba mahali aliposulibiwa Bwana wetu palikuwa na bustani, na ndani ya bustani hiyo kaburi jipya. Alfajiri ya siku ya kwanza ya juma Maria Magdalena, macho yake yamejaa machozi, alimwona Yesu Mfufuka asimtambue, akamdhani kuwa mtunza bustani. Kosa hilo la Maria halikuwa kosa tupu. Maana ni nani aliyepanda bustani ya kwanza, akamweka humo Adamu ailime na kuitunza, kama si Mungu mwenyewe?

Habari hiyo iliwarudia Wakristu wengi wa Uingereza, mwaka 2020, kwa namna ambayo hawakuitazamia. Usiku wa tarehe 23 Machi Waziri Mkuu Boris Johnson alitangaza kwamba, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, kila mtu abaki nyumbani kwake. Asitoke ila kununua mahitaji ya lazima, kutafuta matibabu, kunyosha viungo mara moja kwa siku, au kwenda kwenye kazi isiyoweza kufanyika nyumbani. Makanisa nayo yakafungwa. Ilipofika Pasaka, tarehe 12 Aprili, mapadre waliadhimisha Misa mbele ya viti vitupu, na waamini wakaifuata kwa mitambo, wameketi sebuleni.

Huko mashambani, mlango wa mbele ulipokuwa hauna pa kumpeleka mtu, wengi walitoka kwa mlango wa nyuma, wakaingia bustanini. Mtu aliyezoea kukimbilia treni kila asubuhi sasa alishika sepetu. Wauza mbegu walizidiwa na maagizo, hata baadhi yao wakaacha kwa muda kupokea mengine. Iko desturi ya kale huko, ya kupanda viazi siku ya Ijumaa Kuu. Basi baba aliyepanda viazi siku ile, watoto wake wakimtazama, alikuwa na mahubiri tayari mkononi mwake: kiazi chafukiwa udongoni siku ile ile tunayokumbuka kuzikwa kwake Bwana, nacho hakifukiwi ili kipotee.

Tena bustani ni mwalimu mkali. Mche wa nyanya hulelewa dirishani majuma mengi, kwani baridi ya usiku yaweza kuuua hata katika mwezi wa Mei. Konokono huja gizani wakala kazi ya juma zima. Mwezi Mei wa mwaka ule ulikuwa na saa nyingi za jua kuliko mwezi wowote uliopata kuandikwa katika nchi ile, na aliyesahau kumwagilia maji aliona kesho yake majani yamelala. Watu wa zama zetu tumezoea kuamuru, na jambo likatendeka papo hapo. Lakini mbegu haiamriwi. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorinto kwamba mmoja hupanda na mwingine hutia maji, lakini mwenye kukuza ni Mungu. Wakati ule wa hofu, ambapo wakubwa na wadogo walitambua jinsi uwezo wao ulivyo mfupi, fundisho hilo lilikuwa dawa.

Hata hivyo yatupasa kujihadhari na makosa mawili.

La kwanza ni la wale wasemao: kama naweza kumwomba Mungu penye maua yangu, kanisa la nini? Ndugu, mwenye njaa hashibi kwa kutazama shamba. Bustani hutuonyesha kazi ya mikono ya Mungu, lakini altareni twampokea Mungu mwenyewe. Makanisa ya huko yalifunguliwa kwa sala ya mtu binafsi katikati ya mwezi wa Juni, na kwa ibada ya watu wote tarehe 4 Julai. Aliyelima akiwa na njaa ya Komunyo alilima vema. Aliyeona kwamba njaa hiyo imemtoka, ajue kuwa amepoteza kitu kikubwa kuliko mavuno.

Kosa la pili ni ua. Ofisi ya takwimu ya nchi ile ilieleza, katika mwaka ule ule, kwamba nyumba moja katika kila 8 haina bustani, iwe ya kwake au ya ushirika. Na London ni karibu moja katika kila 5. Kulikuwa na mama aliyefungiwa na watoto wake juu ghorofani, na mzee aliyekufa hospitalini bila kushikwa mkono na mwanawe. Tajiri wa Injili hakuhukumiwa kwa kuwa na nyumba nzuri, bali kwa kutomwona Lazaro mlangoni pake.

Tazameni sasa mzee mmoja aliyeubomoa ua huo. Kapteni Tom Moore wa Bedfordshire, askari wa zamani mwenye miaka 99, aliazimu kuzunguka bustani ya nyumbani kwake mara 100 kabla ya kutimiza miaka 100, tarehe 30 Aprili, akijishikiza kwenye fremu yake ya magurudumu. Alitumaini kupata paundi 1,000 za kuwasaidia wauguzi na wagonjwa. Zilipatikana zaidi ya milioni 30. Alifariki tarehe 2 Februari 2021, akiwa amepatwa na ugonjwa ule ule. Hakupewa nafasi ya kutoka. Alitumia hatua chache alizokuwa nazo.

Nasi leo milango yetu i wazi. Je, tumetoka na nini? Wengi wetu tunao mchicha nyuma ya jiko, au mgomba mmoja uani. Enyi mababa na mama, pelekeni watoto wenu huko jioni, muwafundishe kupanda na kungoja, na kusali Rozari mahali hapo. Na fungu la kwanza litakalochumwa lisiingie chunguni mwenu, bali lipelekwe kwa mgonjwa wa jirani, na mtoto mwenyewe alichukue. Hapo atajifunza mapema kumtambua Yule ambaye Maria hakumtambua, mpaka alipoitwa kwa jina lake.