Udhuru wa Mzazi

Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Methali hii hutajwa kila pembe ya pwani, na aghalabu huchukuliwa kuwa ni idhini ya bakora. Ikitazamwa vyema, hata hivyo, haitaji bakora wala kiboko. Inachotaja ni woga: woga wa mzazi anayelihofu chozi la mwanawe la leo kuliko hatima yake ya kesho. Na woga huo haukai tena nyumbani peke yake. Umefuata njia ya shule. Mwalimu akileta habari kwamba mtoto ametukana, ameibia mtihani au amempiga mwenziwe, mzazi hufika na udhuru wake tayari. Mtoto alichokozwa. Marafiki ndio waliomponza. Mwalimu mwenyewe ana chuki. Basi ni haki kuuliza: mzazi anapomtolea mwanawe udhuru, humpa nini, na humnyang'anya nini?

Kwanza itajwe haki ya mzazi, kwani hofu yake ina asili. Kauli ya kale inayojulikana Uturuki na katika nchi za Kiarabu, ya mzazi kumwambia mwalimu "nyama yako, mifupa yangu," ilimkabidhi mwalimu mwili wa mtoto pasi na mpaka. Sheria zimejaribu kuuweka mpaka huo. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na sheria ya elimu ya msingi ya mwaka 2013 ikalikariri katazo hilo. Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2002 ziliweka kikomo cha viboko vinne, vichapwe na mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viandikwe daftarini. Hata hivyo, mwaka 2018 mwanafunzi wa darasa la tano huko Bukoba alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya kuiba mkoba, na mwaka uliofuata mahakama ikamhukumu mwalimu huyo kifo. Mzazi anayeyakumbuka hayo, akasimama baina ya mwanawe na fimbo, hastahili lawama.

Lakini kinga si udhuru. Kinga humwepusha mtoto na dhuluma. Udhuru humwepusha na ukweli. Mzazi mwenye kukinga husema, "Mwanangu amekosa, ila msimdhuru." Mwenye udhuru husema, "Mwanangu hakukosa." Kauli hizo mbili hutoka katika moyo mmoja wa huruma, lakini humpeleka mtoto kwenye njia mbili zisizokutana.

Aristotle, alipopima matendo ya mwanadamu, alikubali kwamba kuna yanayostahili kusamehewa, nayo ni yale yaliyotendwa kwa kushurutishwa au kwa kutojua. Papo hapo alimcheka mtu anayejisifia mema yake kuwa ni yake, ilhali mabaya yake huyabebesha vitu vya nje vilivyomvutia. Mzazi mwenye udhuru humfunza mwanawe hesabu hiyo hiyo ya kuchekesha. Cheti kizuri ni akili ya mtoto. Cheti kibaya ni uovu wa mwalimu. Mtoto huyo hukua akiwa mmiliki wa nusu tu ya maisha yake. Na asiyeweza kusema "mimi ndiye niliyefanya" kwa jambo baya, neno lake halina uzito hata anapolisema kwa jambo jema.

Huenda ikadhaniwa kwamba dawa ni ukali. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, hakuona hivyo. Alimhesabu mtoto kuwa ni amana kwa wazazi wake, akashauri kwamba kosa la mara ya kwanza lifumbiwe macho, mtoto asivunjiwe heshima; akirudia, akemewe faraghani; wala lawama zisikithiri, zisije zikazoeleka masikioni zikakosa athari. Huo ni upole, lakini si udhuru. Anayefumba macho anajua alichokiona. Mwenye udhuru anakikana, tena mbele ya mtoto ambaye anajua fika kwamba alikitenda.

Udhuru, zaidi ya hayo, haugawanywi sawa. Uchukuliwe mfano wa wavulana wawili wa shule moja ya Unguja waliompokonya mtoto wa darasa la chini fedha zake za chakula. Baba wa mmoja ni mtu wa cheo. Amefika siku ile ile kwa gari, amezungumza na mwalimu mkuu kwa nusu saa, na tendo limegeuka jina likawa mchezo wa watoto. Mama wa wa pili hulima mwani Paje. Siku za bamvua hawezi kuliacha shamba, kwani maji yakishajaa kazi ya siku imepotea. Mwanawe amesimamishwa masomo. Kosa ni moja, hukumu ni mbili, na shule nzima imeona. Somo hilo halimo katika muhtasari wa masomo, lakini hakuna mwanafunzi atakayelisahau.

Yupo na wa tatu, ambaye hakuna aliyemtaja: yule mdogo aliyeshinda na njaa. Ofisini ulijadiliwa udhuru, ikajadiliwa adhabu, yeye hakujadiliwa. Na hapa ndipo udhuru unapodhuru zaidi, maana huuziba mlango wa msamaha. Hasamehewi mtu kwa jambo ambalo hakulitenda. Maadamu kosa limekanwa, mdogo yule hana wa kumsamehe, na mkubwa hana wa kumwomba radhi. Wawili hao watapitana uani miaka mitatu, mmoja na donda lake, mwingine na deni lake, na hakuna atakayewapatanisha.

Mwana Kupona wa Siu, alipokuwa mgonjwa, alimtungia bintiye utenzi wa mawaidha mwaka 1858. Mapenzi ya mama yule hayana shaka, na yalitoka kwa sura ya mambo yanayompasa mtoto.

Mzazi wa leo hahitaji kutunga utenzi. Yampasa kumshika mwanawe mkono waende shule pamoja, amwache aseme mwenyewe alichofanya, azirudishe fedha kwa mkono wake na kuomba radhi kwa kinywa chake. Kisha, mwalimu akitaka kuvuka mpaka, mzazi huyo huyo asimame amzuie. Atasikilizwa, kwa sababu hakuanza kwa kukana. Mtoto huenda akalia njiani, lakini kilio hicho ni chepesi kuliko kile ambacho methali inakionya.