Neno la Asiyetamka: Mawasiliano Mbadala na Suala la Utu

Mawasiliano mbadala ni jina la jumla la njia zote anazotumia mtu asiyeweza kuutegemea ulimi wake: ishara za mkono au jicho, kadi za picha, ubao wa alama au herufi, hadi kompyuta inayotamka kwa sauti ya mashine kile kilichobonyezwa. Wanafunzi wanaozihitaji ni wa namna nyingi. Wapo wenye mtindio wa ubongo ambao misuli ya kinywa haiwatii, wapo baadhi ya wenye usonji, na wapo waliopoteza usemi baada ya malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Kwa kawaida habari zao huzungumzwa kama habari za vifaa na bei. Chini yake, hata hivyo, kuna swali la zamani ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelijadili kwa karne nyingi: je, neno lisilotoka kinywani ni neno kamili, lenye uzito wa kumfunga na kumfungua mwenyewe? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua mzazi atasubiri kwa muda gani kauli ya mwanawe, na mwalimu atathubutu kumuuliza nini.

Katika kitabu chake cha Siasa, Aristotle alimtenga binadamu na wanyama wengine kwa sababu binadamu peke yake ana usemi wa kubainisha haki na dhuluma. Tangu hapo usemi na akili vilifungwa pamoja, na aliyekosa kimoja alidhaniwa amekosa vyote viwili. Descartes alikifungua kifungo hicho mwaka 1637. Alisema kasuku hutamka maneno asiyoyafikiri, ilhali watu waliozaliwa bila kusikia wala kusema hujibunia ishara na kueleweka na wanaoishi nao. Alama ya akili, basi, si sauti. Ni kule kuzipanga ishara ili kujibu kilichoulizwa. Kwa mwanafalsafa aliyewahesabu wanyama wote kuwa mashine tupu, huo ulikuwa ukarimu usiotarajiwa.

Vitabu vitakatifu vilikuwa vimekwisha kufika hapo kitambo. Katika Kurani, Zakaria anapewa alama ya kutosema na watu siku tatu ila kwa ishara (Aal Imran, 41), na Maryamu, aliyeweka nadhiri ya kunyamaza, anawajibu wanaomlaumu kwa kumwonyesha mtoto tu (Maryam, 29). Injili ya Luka inasimulia kisa cha Zakaria kwa undani zaidi. Mtoto amezaliwa, jamaa wamekusanyika siku ya nane, na wao wamekwisha kuchagua jina. Mama anasema aitwe Yohana; wanamkatalia kwa hoja kwamba hakuna wa ukoo huo mwenye jina hilo. Ndipo wanamgeukia baba na kumpungia mikono kumuuliza. Zakaria anaomba kibao, anaandika jina, na mjadala unakwisha. Wafasiri wengine husema alikuwa amepoteza na usikivu, na ndiyo maana aliulizwa kwa ishara. Inawezekana. Lakini yeyote aliyekaa na mtu asiyeongea anaijua tabia hiyo ya wageni: humpungia mikono, humpazia sauti, au humuuliza mama yake, “Anakula nini huyu?” na mwenyewe ameketi hapo hapo akisikia kila kitu.

Fiqhi ya Kiislamu haikuishia kwenye visa. Ililifanya jambo hili kuwa sheria. Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu cha madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, ishara ya asiyeweza kusema inakubaliwa katika mikataba na katika kuivunja: anauza, anaoa, anaacha. Majalla, sheria ya madai iliyotungwa na dola ya Uthmaniya kati ya 1869 na 1876, iliweka kanuni hiyo katika kifungu cha 70: ishara zinazojulikana za asiyesema ni sawa na maelezo ya ulimi. Kanisa Katoliki nalo, katika Sheria zake za mwaka 1983, linawaruhusu maarusi wasioweza kusema watoe ridhaa yao kwa ishara zenye maana ile ile. Wanazuoni wa Kishafi walikwenda mbali hadi kujadili mtu anayeuza kitu kwa ishara akiwa ndani ya sala. Walijibu kwamba biashara inasihi na sala haivunjiki.

Linalowafaa zaidi walimu na wazazi wa leo ni mgawanyo ambao Nawawi anauweka kuhusu talaka. Ishara inayoeleweka na kila mtu ina hukumu ya tamko la wazi. Ishara inayoeleweka na wajuzi wachache tu ina hukumu ya fumbo, na fumbo halitoshi mpaka nia ya mwenyewe ithibitishwe. Hapo ndipo yalipo maisha ya watoto wengi wasioongea. Mama anajua kwamba kukunja bega maana yake ni kiu, na kwamba kutazama dari ni kukataa. Nyumbani mtoto huyo ana lugha. Anapopelekwa shuleni, au mama anapolazwa hospitali, lugha inabaki kwa mama. Ubao wa picha wenye maneno yaliyoandikwa chini ya kila picha unaitoa ishara kwenye fumbo na kuifanya tamko la wazi: dereva wa daladala anaweza kuusoma, na shangazi aliyekuja kutoka mbali pia. Si kwamba mama alikuwa anakosea. Ni kwamba mtu hapaswi kuwa na msikilizaji mmoja tu duniani.

Kabla ya ubao, hata hivyo, kuna shaka inayowasumbua walimu wakweli. Itakuwaje kama ndani ya ukimya hamna kitu cha kusema? Mtoto hajawahi kujibu swali lolote. Je, kumfundisha kusoma si kujidanganya? Anne Donnellan, mtaalamu wa elimu maalumu wa Marekani, alipendekeza kipimo mwaka 1984: pale ambapo ushahidi haupo, ichukuliwe dhana ambayo, ikija kuonekana ni ya makosa, itakuwa imeleta madhara madogo zaidi. Hoja hii ni ndugu wa ile ya Pascal kuhusu kumwamini Mungu pasipo uthibitisho, ila hii ina nguvu zaidi, kwa sababu hasara zake zinaonekana kwa macho. Mwalimu akimsomea hadithi mtoto asiyeelewa, amepoteza saa kadhaa, na mtoto amepata sauti ya mtu aliye karibu naye. Akiacha kumsomea mtoto anayeelewa, amemwibia miaka. Dhana hiyo ya kheri hailazimishi kutangaza kwamba kila mtoto ni msomi aliyefichika. Inalazimisha kumfundisha tu.

Kheri ikizidi mpaka ikakosa uangalizi, nayo huleta dhuluma yake. Huko Melbourne, Australia, katika miaka ya 1970, ilianza mbinu ya kumshika mkono au kiwiko mtu asiyeongea ili aandike herufi moja moja, na katika miaka ya 1990 ikaenea Marekani. Wazazi walisoma maneno ya upendo waliyokuwa wameyangoja miaka mingi. Baadhi ya akina baba walijikuta pia wakituhumiwa makosa mazito kwa maandishi hayo hayo. Wachunguzi wakafanya jaribio jepesi: mwanafunzi alionyeshwa picha moja na mshika mkono akaonyeshwa nyingine, bila kujua kwamba zinatofautiana. Kilichoandikwa kilikuwa ni picha aliyoiona mshika mkono. Wengi wao hawakuwa waongo. Walisukuma bila kujijua. Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa mawasiliano mbadala, ISAAC, ilitoa tamko mwaka 2014 la kutoiunga mkono mbinu hiyo, na pamoja na hoja ya ushahidi iliweka hoja ya haki: mtu alikuwa akinyang’anywa neno lake huku akipongezwa kwa kulisema.

Uangalifu wa aina hiyo umo katika mapokezi ya Anas bin Malik yaliyomo katika mkusanyo wa hadithi wa Bukhari. Msichana aliyepondwa kichwa, asiyeweza tena kusema, alitajiwa majina moja baada ya jingine aulizwe ni nani aliyemdhuru, akawa anajibu kwa kichwa mpaka jina lilipofikiwa. Neno lake lilipokewa, mtu aliyetajwa akakamatwa na kuhojiwa, na akakiri. Kuorodhesha machaguo na kungoja alama ya ndiyo au siyo ni mbinu inayofundishwa hadi leo kwa wasaidizi wa wasioongea. Tofauti yake na kushika mkono ni kwamba hapa mwenye neno ndiye anayesimamisha orodha.

Hata mbinu halali huharibiwa na haraka. Jean-Dominique Bauby, mhariri wa jarida huko Ufaransa, alipooza mwili mzima mwaka 1995 akabakiwa na kope la jicho la kushoto. Msaidizi alimsomea herufi kwa mpangilio wa zile zinazotumika zaidi katika Kifaransa, naye akapepesa alipofika kwenye herufi anayoitaka. Kitabu kizima kiliandikwa hivyo na kutoka mwaka 1997. Humo anasimulia siku alipoanza kuomba miwani yake, yaani lunettes, akakatizwa njiani na kuulizwa anataka nini na mwezi, yaani lune. Kosa hilo hutokea kila siku madarasani. Mwalimu humalizia sentensi, mwanafunzi anakubali kwa uchovu, na daftari linajazwa mawazo ya mwalimu. Tiba yake ni kungoja, kimya, mpaka kungoja kuanze kuudhi, kisha kuendelea kungoja.

Mtoto hajifunzi ubao kwa kupewa ubao, kama vile hakuna mtoto anayejifunza Kiswahili kwa kununuliwa kamusi. Anajifunza kwa kuona wengine wakiutumia. Mama anaposema “twende sokoni” aguse picha ya kwenda na picha ya soko, mwalimu anapouliza ni nani aliyefuta ubao wa darasa, aguse “nani.” Hilo lifanyike kwa miezi bila kudai mtoto ajibu, maana hata anayeongea alisikilizishwa zaidi ya mwaka kabla ya kudaiwa sentensi. Ndugu na wanafunzi wenzake wafundishwe pia, na wao hujifunza upesi kuliko wakubwa. Huko Kilifi, watafiti waliwafuata walezi majumbani kuwafundisha mawasiliano mbadala, na ripoti yao ya mwaka 2014 haikuwa ya vifaa. Ilihusu namna walezi walivyowaona watoto wao baada ya mafunzo hayo.

Maneno ya kuwekwa kwenye ubao ndiyo mtihani wa falsafa ya nyumba. Mbao nyingi huanza na kuishia kwa chakula, maji, choo na dawa. Mtoto mwenye ubao kama huo anaweza kuomba, na hawezi kitu kingine. Utu unahitaji kukataa, kuuliza, kutania, kulalamika, na hata kudanganya, kwani anayeweza kudanganya ana siri, na mwenye siri ana nafsi. Unahitaji pia maneno ya ibada. Mtoto wa nyumba inayosali ambaye ubao wake hauna “Mungu,” “kufa” wala “samahani” ametolewa katika mazungumzo ambayo ndugu zake wanayasikia kila siku. Mwalimu wa madrasa na katekista wana kazi hapa ambayo hakuna mtaalamu wa hospitali atakayewafanyia.

Sheria haiko nyuma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unazitaja njia mbadala ndani ya maana yenyewe ya mawasiliano. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya alama, Breli au njia nyingine inayomfaa. Kinachosalia kiko nyumbani na darasani, na hakingoji bajeti. Mwenye ubao aukague leo hii: kama hauna “hapana,” “sijui” na “hujanielewa,” aongeze hayo matatu kabla ya picha nyingine yoyote.