Udereva wa Ridhaa: Kasi Iliyozungushiwa Ukuta na Swali la Uhalali Wake

Katika Kiswahili cha michezo, neno ridhaa humwelezea mtu anayecheza kwa mapenzi yake bila kulipwa, kama inavyosemwa ndondi za ridhaa, ilhali katika Kiswahili cha sheria neno hilohilo lina maana ya kukubali kwa hiari jambo ambalo mtu angeweza kulikataa. Maana hizi mbili hukutana katika viwanja binafsi vya mbio za magari, yaani njia za lami zilizojengwa na klabu kwa ajili ya wanachama wake, ambao hulipa ada ili waendeshe magari yao kwa kasi isiyoruhusiwa barabarani. Monticello Motor Club ya jimbo la New York nchini Marekani ilifunguliwa mwaka 2008 mahali palipokuwa uwanja wa ndege; The Thermal Club, katika jangwa la California, huwataka wanachama wake wamiliki makazi kandokando ya njia ya mbio; na Magarigawa Club ya Japani, iliyofunguliwa mwaka 2023, imepitisha njia yake katika vilima vya Chiba. Kuongezeka kwa klabu za namna hii kunaibua swali ambalo mhandisi na mfanyabiashara hawawezi kulijibu peke yao: je, hatari ambayo ni kosa barabarani hugeuka kuwa halali kwa sababu tu imezungushiwa ukuta?

Wazo la kuitenga kasi na barabara ya umma si geni. Sheria ya magari ya Uingereza ya mwaka 1903 iliweka ukomo wa maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32 hivi, kiasi kwamba watengenezaji wa magari wa nchi hiyo walikosa mahali pa kuyajaribu magari yao kikamilifu, mpaka tajiri Hugh Locke King alipojenga njia ya zege ya Brooklands katika ardhi yake huko Surrey na kuifungua mwaka 1907. Kwingineko Ulaya mbio nyingi ziliendelea kufanyika katika barabara za kawaida, na gharama yake ilidhihirika nchini Italia mwezi Mei 1957, pale gari la Alfonso de Portago lilipoacha njia katika mbio za Mille Miglia na kuwaua yeye, msaidizi wake na watazamaji 9, ambao 5 kati yao walikuwa watoto. Baada ya msiba huo mbio hizo hazikuruhusiwa kuendelea kama zilivyokuwa.

Kilichoitofautisha Brooklands na Mille Miglia hakikuwa kasi bali ridhaa, kwa kuwa mtoto aliyesimama kando ya barabara ya kijiji chake hakuwa ameingia katika mapatano yoyote na dereva. Hoja hii inaafikiana na ile ya John Stuart Mill, ambaye katika kitabu chake kuhusu uhuru, kilichotoka mwaka 1859, alishikilia kwamba jamii ina haki ya kumzuia mtu mzima kwa nguvu pale tu anapowadhuru wengine, na kwamba manufaa yake mwenyewe si sababu tosha ya kumlazimisha. Kwa kipimo hicho, klabu ya mbio ni jumuiya ya ridhaa tupu: kila anayeingia hutia saini hati ya kuikubali hatari, hutii bendera za waamuzi, na katika vipindi vingi vya mazoezi hampiti mwenzake mpaka huyo wa mbele amwonyeshe kwa mkono upande wa kupitia. Ridhaa ambayo barabarani hudhaniwa tu, humo hutolewa waziwazi, gari kwa gari.

Hata hivyo, ridhaa ya walio ndani haiwafungi walio nje. Majirani wa Brooklands walilalamikia kelele tangu mwaka wa kwanza, mbio za usiku zikapigwa marufuku, na shindano la saa 24 lililoandaliwa mwaka 1929 likalazimika kugawanywa katika siku mbili za saa 12 kila moja, magari yakifungiwa usiku kucha. Sauti huvuka ukuta, na huzuni huuvuka vilevile, maana saini ya mzazi haina wino wa watoto wake, ambao ndio watakaobaki na pengo endapo atafariki. Kwa hiyo kipimo cha Mill, kikisomwa kwa uangalifu, hakimpi dereva uhuru usio na masharti, bali humtaka awahesabu wote wanaofikiwa na tendo lake.

Kutoka katika mzizi uleule wa ridhaa Kiswahili kina kitenzi kuridhika, yaani kutosheka na ulichonacho, na hapa swali hugeuka kutoka madhara kwenda kwenye kusudi. Methali isemayo kwamba haraka haraka haina baraka haimgusi dereva huyu moja kwa moja, kwa sababu mwenye haraka ana mahali anapotaka kufika, ilhali anayezunguka njia ya mbio hurudi palepale alipoanzia. Mwanasosholojia wa Ufaransa Roger Caillois aliigawa michezo katika makundi manne mwaka 1958, yaani ushindani, bahati, uigaji na kizunguzungu, na mchezo huu una ushindani na pia kizunguzungu, ile ladha ya kuyumbishwa hisi kwa muda mfupi. Kama kizunguzungu ndicho kinachotafutwa peke yake, kuridhika hakuji kamwe, kwa kuwa hisi huzoea, na kilichotia hofu jana leo huhitaji gari lenye nguvu zaidi.

Lakini upo upande mwingine. Aristotle alifundisha kwamba ushujaa ni wastani kati ya woga na ujasiri wa kipumbavu, na kwamba fadhila hujengwa kwa mazoea. Njia ya mbio inaweza kuwa shule ya wastani huo, kwa kuwa mkufunzi humfundisha mwanafunzi kwamba mshiko wa tairi una kikomo, na kwamba mshiko huohuo hugawanywa kati ya kufunga breki na kukata kona, hivyo anayetaka vyote viwili kwa ukamilifu wakati mmoja huponyokwa na gari. Anayejifunza hilo kwa mikono yake amejifunza kiasi, si kwa mahubiri bali kwa mwili.

Neno la tatu la ukoo huu ni radhi, kibali cha wazazi na cha Mungu, na kwa waumini hapo ndipo swali hufikia kina chake. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitaja mambo matano ambayo sheria ya Kiislamu imekusudia kuyalinda, yaani dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Na uhai katika mtazamo huo ni amana, yaani kitu kilichowekwa mkononi mwa mtu na kitakachodaiwa. Hata hivyo, Hadithi zinaeleza kwamba Mtume Muhammad aliandaa mashindano ya farasi, hivyo mbio zenyewe si haramu. Kinachoulizwa ni manufaa yake na kiasi chake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo, katika aya ya 2290, inaitaja fadhila ya kiasi na kumtia hatiani mtu ambaye kwa ulevi au kupenda mwendo kasi anahatarisha usalama wake na wa wengine. Aya hiyo haiwaangalii wengine peke yao, na hapo inatofautiana na Mill: ukuta huwalinda wapita njia, lakini haumwondolei dereva wajibu wa kuilinda amana aliyopewa.

Hukumu inayofuata ni kwamba udereva wa ridhaa ni halali kwa masharti, nayo ni kwamba walio nje wasidhurike, walio nyumbani wasisahauliwe, na kinachofuatwa kiwe ustadi badala ya kizunguzungu. Ushahidi wa kutimizwa kwa masharti hayo haupatikani kwenye saa ya klabu bali katika barabara iliyo nje ya lango lake, kwa jinsi dereva anavyowajali wanaoitumia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Hao hawajatia saini hati yoyote.