Je, Mkono Mchafu ni Siri ya Mwenyewe?

Neno "sugu" tunalolifundisha madarasani lina maana ya asili iliyo wazi: ni ngozi ya kiganja iliyokakamaa kwa kusuguliwa na mpini wa jembe. Siku hizi twasikia kwamba vijidudu navyo vimekuwa sugu. Kila dawa ya kuua bakteria itumiwapo, vilivyo dhaifu hufa, na vile vikakamavu husalia vikazaana. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mjini London mwaka 1928, alionya alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba dozi pungufu huvizoeza vijidudu kuihimili dawa. Watafiti wamekadiria kwamba mwaka 2019 usugu huo ulisababisha vifo vipatavyo milioni 1.27 duniani.

Basi twajiuliza: kunawa mikono ni hiari ya mtu, au ni deni lake kwa wenziwe?

Wapo wasemao, "Mikono yangu, tumbo langu." Hoja hii haisimami. Maradhi yasiyoingia mwilini hayahitaji dawa, na dawa isiyotumiwa ovyo hubaki na makali yake kwa mama aliyejifungua kwa kupasuliwa na kwa mtoto mchanga mwenye homa kali. Atokaye msalani akapakua chakula bila kunawa kwa sabuni, huwaambukiza walaji na pia huichakaza dawa ya watu asiowajua. Wahenga walinena: mchuma janga hula na wa kwao.

Mjini Vienna, mwaka 1847, kabla dawa hizo hazijajulikana, Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari wanawe kwa maji yenye klorini kabla ya kuwapima wajawazito. Vifo vya wazazi vilipungua sana. Kinga ilitangulia tiba.

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mwenye ndoo moja ya maji kwa siku nzima hadaiwi sawa na mwenye bomba uani. Deni hufuata uwezo, na mwenye mamlaka juu ya maji ndiye mdaiwa mkubwa.

Nasi walimu tunadaiwa. Tukiwaimbisha watoto usafi ilhali msala wa shule hauna maji wala sabuni, tumefundisha msamiati tu. Kibuyu chirizi kimoja mlangoni, na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa kamba, kitafundisha zaidi ya insha hii.