Kipimo cha Bei na Mabega ya Mtu

Je, ajuaye kupima hatari amekwisha kutimiza wajibu wake kwa yule atakayeibeba? Swali hili lamfaa kila mwanafunzi wa hesabu.

Mkulima wa mahindi hapa Eldoret ajua kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Soko la hisa la Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1954, nalo lina mawingu yake. Wataalamu wa takwimu huandika bei za kila siku, hutafuta tofauti ya leo na jana, kisha hupima jinsi tofauti hizo zinavyotawanyika mbali na wastani. Mwaka 1982 Robert Engle, mwanauchumi wa Marekani, alieleza njia ya kukadiria msukosuko ujao kutokana na mishtuko iliyopita. Mwaka 2003 akapata Tuzo ya Nobel. Njia hiyo ilipoletwa katika masoko ya hisa ilionekana kufaa, kwa kuwa huko siku ya dhoruba mara nyingi hufuatwa na dhoruba, na shwari hufuatwa na shwari. Lakini hutabiri ukubwa wa wimbi tu. Haisemi kama bei itapanda au itashuka.

Sasa zitazame hisa za Safaricom. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuzia umma hisa bilioni 10, kila moja kwa shilingi 5. Mapema mwaka 2009 bei ilikuwa imeanguka chini ya shilingi 3. Mwaka 2021 ilipita shilingi 40. Fikiria watu wawili walionunua siku moja. Mmoja alikuwa na akiba nyingine, akangoja. Wa pili alidaiwa karo ya mtoto mwaka 2009, akauza kwa hasara. Kuyumba kwa bei kulikuwa kumoja, na katika daftari la mtaalamu kipimo chake kilikuwa kimoja. Lakini kwa wa kwanza ulikuwa upepo uliopita, na kwa wa pili kimbunga kilichoezua paa.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Takwimu hupima mzigo, mabega haziyapimi.

Huenda ukajibu, msomaji, kuwa mnunuzi ni mtu mzima na hakulazimishwa. Ni kweli, na hiari ya mtu yastahili heshima. Walakini hiari isiyo na ujuzi ni nusu ya hiari. Ajuaye kuwa bei yaweza kupungua karibu nusu kabla ya mwaka kwisha, naye akataja faida peke yake, amechukua nusu iliyobaki.

Basi, ukijaliwa elimu hii na jirani akikujia kwa shauri, mwonyeshe kipimo chako bila kuficha. Lakini kwanza muulize: fedha hizi utazihitaji lini? Jibu la swali hilo halimo katika bei za jana. Analo yeye mwenyewe.